Serikali Ikibadilika, Mwanachama wa Chama Ufanye Nini: Mwongozo wa Mfanyakazi wa Mombasa

Kila uchaguzi mkuu ukiisha hapa Mombasa swali huwa moja, kuanzia geti la bandarini mpaka jikoni kwa hoteli za Nyali na Bamburi mpaka viwanda vya Changamwe: hii serikali mpya ni ya wafanyakazi ama ni ya waajiri? Na kila mtu ana jibu lake tayari, mara nyingi lategemea alimpigia nani kura. Naandika haya kwa sababu hilo swali limekaa vibaya. Tangu mkoloni mpaka leo hakuna serikali hata moja iliyokuwa ya wafanyakazi moja kwa moja wala hakuna iliyowakataa kabisa, zote zilitoa kitu na zote zikachukua kitu, na mwanachama wa chama cha wafanyakazi anayengoja serikali nzuri ije atangoja mpaka astaafu.

Cha kufanya ni kujua mkono wa serikali hukugusa wapi hasa, ukaweka macho yako hapo badala ya kuyaweka kwa hotuba. Na sehemu zenyewe si nyingi: ada za chama zikatwavyo, CBA yenu (yale makubaliano ya pamoja baina ya chama na mwajiri) iko wapi, pesa za kuilipia, korti, na zile amri ambazo hazina jina la leba lakini zala kazi za watu. Nitazipitia moja moja, nyingine kwa kirefu nyingine haraka.

Anza na historia ya hapa hapa

Makuli wa bandari waligoma 1939. Kisha Januari 1947 mji wote ukasimama, bandari, reli, mahoteli, hadi watumishi wa majumbani, karibu watu 15,000. Serikali ya mkoloni ilifanya mambo mawili na hapo ndo pa kusoma vizuri, iliunda jopo la kuangalia mishahara na watu wakaongezewa, halafu Agosti mwaka huo huo ikamkamata Chege Kibachia aliyekuwa akiongoza shirikisho la wafanyakazi Waafrika, ikampeleka kuzuiliwa Baringo miaka mingi. Pesa ilikuja, kiongozi akaenda, na shirikisho likafa. Kwa hivyo serikali yoyote ikitoa nyongeza, uliza papo hapo: na chama chenyewe kimeachwa na nguvu gani?

Machi 1955, katikati ya hali ya hatari, makuli wakagoma tena. Tom Mboya akaja kutoka Nairobi akawasemea na usuluhishi ukatoa nyongeza ya asilimia 33. Jina lake lilipaa kutokea hapa bandarini, na Oktoba 1962 akiwa waziri wa leba yeye ndiye alisimamia mkataba wa mahusiano kazini baina ya serikali, waajiri wa FKE na shirikisho la vyama la KFL. Ile tabia tunayoiona mpaka leo ya serikali, waajiri na vyama kukaa meza moja ilipata mizizi hapo.

Sasa uhuru umekuja, watu wetu wako madarakani, na mtu atafikiri mambo ni shwari. Agosti 1965 wafuasi wa makundi mawili ya vyama walipigana hapa hapa Mombasa, watu wakafa, na serikali ya Kenyatta ikafuta mashirikisho yote mawili ikaunda moja tu, COTU, na rais akawa na usemi wa nani awe katibu mkuu. Siku hizo hizo korti ya leba ikaanza kazi na makato ya ada yakawekwa kwa sheria. Waona tena? Vyama vilipata pesa za uhakika kila mwezi, na kwa upande mwengine vikapoteza uhuru wa kujichagulia mkubwa wao.

Moi naye, 1980 alifuta chama cha watumishi wa serikali na cha wahadhiri wa vyuo vikuu, na kufika mwisho wa miaka ya themanini COTU ilikuwa imeunganishwa na KANU, chama tawala. Lakini chama cha watumishi wa serikali kilisajiliwa upya Desemba 2001, na Moi alikuwa bado yuko kitini. Wahadhiri walirudishiwa chao 2003, Kibaki ameingia. Miezi hiyo ya mwanzo ya 2003 wafanyakazi wa viwanda vya EPZ, vile vya bidhaa za kuuza nje, walitoka barabarani kwa wingi manake waliona mlango umefunguka, na ni kweli chama cha washonaji kilipata kuingia kwenye viwanda ambavyo zamani kilikuwa chafukuzwa getini. Mlango ulifunguka, ndio, lakini kama wangekaa ndani kushangilia NARC, muungano wa Kibaki, hakuna mwajiri angewaita mezani. Hii ndo sababu nasema miezi 6 ya kwanza ya serikali yoyote mpya ina thamani kubwa, mawaziri hawajazoeana na waajiri, ahadi za kampeni bado ziko masikioni mwa watu, basi chama kipeleke madai yake yakiwa yameandikwa mapema, kisingoje kuitwa.

Angalia makato kabla hujaangalia kitu kingine

Serikali ama mwajiri akitaka kudhoofisha chama siku hizi hafungi mtu Baringo. Hugusa ada. Mwaka 2019, enzi ya rais Uhuru Kenyatta, chama cha walimu KNUT kilipokuwa kikizozana na TSC, tume inayowaajiri, makato ya walimu wengi yalikoma, hesabu ya wanachama ikaporomoka, na chama kilichokuwa kikitikisa nchi kikashindwa hata kulipa wafanyakazi wake wa ofisini. Juni 2021 katibu mkuu akajiuzulu. Hakuna aliyepiga marufuku KNUT, hakuna aliyefuta usajili wake, ni pesa tu zilizokauka.

Kwa hivyo kila mwezi soma pesilipu yako. Sitanii, watu wengi huangalia ile namba ya chini kabisa wakakunja karatasi. Tazama kama ada ya chama iko na kama kiwango ni kile kile. Ikitoweka mwezi mmoja usinyamaze ukasema afadhali nimeokoa mia kadhaa, muulize mwakilishi wenu siku hiyo hiyo na ujue kama ni wewe peke yako ama ni shedi nzima, kwa sababu ikiwa ni shedi nzima basi kuna kitu kinapikwa.

Sheria yenyewe ni ile ya Mahusiano ya Kazi ya 2007. Mfanyakazi akijaza ile Fomu S ya kukubali kukatwa ada na chama kikaipeleka kwa mwajiri, mwajiri ana siku 30 aanze kukata na kutuma pesa kwa chama. Kujitoa ni kwa barua ya mwanachama mwenyewe, si kwa mwajiri kukuamulia. Hata yule asiye mwanachama lakini anafaidika na CBA, sheria yaruhusu akatwe ada ya uwakala, wengi hawajui hilo na huwaonea wivu wale wasiolipa kumbe chama chao ndo hakijaomba amri kwa waziri. Na chama kikifikisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaoruhusiwa kujiunga, mwajiri lazima akitambue. Zaidi ya nusu, basi. Weka nakala ya fomu yako nyumbani, piga picha kwa simu pia. Siku mwajiri akienda kortini kusema hamfiki nusu, zile fomu ndo ushahidi.

CBA isiyosajiliwa si CBA

Hapa nataka nikae kidogo manake hapa ndo watu wetu wameumia zaidi.

Oktoba 1997, uchaguzi uko mlangoni, walimu waligoma na serikali ya Moi ikakubali nyongeza ya asilimia 150 hadi 200, ilipwe kwa awamu. Uchaguzi ukafanyika Desemba. Awamu ya kwanza wakalipwa, halafu 1998 serikali ikasema haina pesa, walimu wakagoma tena na wakarudi darasani mikono mitupu, na yale madai yaliendelea kuzungumzwa miaka na miaka mpaka enzi ya Jubilee, serikali ya Uhuru. Ahadi ya msimu wa kura huwa tamu kwa sababu anayeitoa hajui kama yeye ndiye atakayeilipa.

Madaktari nao. CBA yao ilitiwa saini Juni 2013, Jubilee imeingia juzi tu, na wakati huo huo huduma za afya zahamishwa kwenda kwa kaunti. Haikusajiliwa kortini. Miaka mitatu baadaye wakiidai wakaambiwa hiyo karatasi haina nguvu, na kaunti zikasema sisi hatukuwepo mezani. Ukazuka mgomo wa siku 100, Desemba 2016 mpaka Machi 2017, viongozi wa chama chao, KMPDU, wakafungwa jela kwa kukaidi oda ya korti, na wagonjwa nchi nzima wakateseka, hapa Coast General tuliona wenyewe. Haya ilipofika 2024, serikali nyingine, mgomo mwengine wa siku 56, na moja ya mambo makubwa yaliyopiganiwa ilikuwa mshahara wa madaktari wanagenzi ambao makubaliano ya 2017 yaliweka kama shilingi 206,000 na serikali ikataka kulipa 70,000. Mwisho wa 2024 serikali ikakubali ile 206,000. Walishinda hapo kwa sababu ya umoja wao, na kwa sababu safari hii karatasi ilikuwepo.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi fanya hivi. Muulize katibu wa tawi lenu maswali manne bila kuona haya: CBA yetu imesajiliwa korti ya leba? Namba yake ya usajili ni gani? Yaisha tarehe gani? Mazungumzo ya mpya yataanza lini? Akisema bado iko wizarani, uliza tangu lini na nani anaifuatilia. Kisheria makubaliano hupelekwa kortini kusajiliwa na ni hapo tu ndo huanza kutumika na kumfunga mwajiri, na ikishasajiliwa masharti yake huingia ndani ya mkataba wa kila mfanyakazi anayehusika, yaani hata waziri akibadilika mara tano hilo halifutiki kwa simu kutoka Nairobi.

Na angalieni kalenda. Uchaguzi mkuu ni Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, kwa hivyo ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Kama CBA yenu yaisha katikati ya mwaka huo mko pabaya, manake kuanzia Mei hivi hakuna afisa atakayetaka kuamua jambo, na baada ya kura mtaambiwa tungoje waziri aapishwe, mara katibu wa wizara naye mpya, mwaka umekwisha. Sukumeni mazungumzo yamalizike na karatasi ifike kortini kabla ya kampeni kupamba moto. Ahadi ya jukwaani isikieni, pigeni makofi mkitaka, lakini mwambieni aliyeahidi aje aandike.

Mei Mosi ni hivyo hivyo. Rais akisimama akatangaza asilimia fulani ya kima cha chini, hiyo bado si sheria. Inakuwa sheria ikichapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali. Mwaka 2022 Uhuru alitangaza asilimia 12 ikahesabiwa kuanzia Mei hiyo hiyo. Mwaka 2024 Ruto akatangaza asilimia 6, lakini ikaanza kutumika Novemba. Miezi 6 hapo katikati mwajiri hakuwa na lazima ya kuongeza senti, na kuna walinzi na wafanyakazi wa nyumbani walioenda kudai wakarudishwa kama waongo. Kabla hujaenda kumkabili bosi, tafuta lile tangazo, la bure liko mtandaoni, chapisha ukurasa wenye kazi yako na mji wako kwa sababu viwango vya Mombasa, Nairobi na Kisumu si sawa na vya miji midogo.

Pesa: SRC, bajeti, kaunti

Kama waajiriwa na shirika la serikali, na bandari ni shirika la serikali, kukubaliana na meneja hakutoshi. Tume ya mishahara, SRC, ilianzishwa na katiba ya 2010 na ushauri wake lazima upatikane kabla nyongeza haijapita. Nimeona watu wakisherehekea makubaliano na wali ukapikwa, kumbe SRC hawajasema kitu. Uliza barua ya SRC iko wapi. Tume hii makamishna wake hukaa miaka 6 na hawarudi, kwa hivyo hawaondoki na rais, yaani waweza kuwa na serikali mpya inayokuchekea na tume ya zamani iliyokunja uso, ama kinyume chake.

Halafu bajeti. Makadirio ya serikali kuu hufika bungeni kufikia mwisho wa Aprili, mwaka wa fedha unaanza Julai. CBA ambayo haimo kwenye makadirio haitalipwa, maneno mazuri ya waziri hayabadilishi hapo. Kwa wale wa kaunti, wauguzi, wafanyakazi wa jiji, wa zimamoto, kuna vikao vya umma vya bajeti na ni nadra sana kuwaona wanachama wa vyama pale, huenda wafanyabiashara na watu wa mashirika. Nendeni. Mukae mbele. Ulizeni kwa jina la mstari wa bajeti, si kwa kelele. Gavana hubadilika, Joho alimaliza vipindi vyake viwili, 2022 akaingia Abdulswamad, na mfanyakazi wa kaunti anayedai malimbikizo lazima awe na barua za enzi zote mbili manake jibu la kwanza hupewa ni hilo deni si letu. Kisheria deni ni la kaunti, si la mtu, lakini bila barua utaanza upya kila miaka mitano.

Amri zisizo na jina la leba

Hii ndo iliwapiga watu wa Mombasa kuliko sera yoyote ya wizara ya leba, nayo haikutoka wizara ya leba. SGR, ile reli mpya ya Mombasa kwenda Nairobi, ilizinduliwa mwisho wa Mei 2017. Baadaye zikaja amri kontena za kwenda bara zipakiwe reli moja kwa moja kutoka bandarini, na Agosti 2019 ikawa moto kabisa. Madereva wa malori, matniboi, watu wa kliaringi, wafanyakazi wa yadi za kontena, mama wa chakula Mariakani, mafundi wa tairi mpaka Mtito Andei, wote waliguswa na hakuna hata mmoja aliyepewa notisi ya kuachishwa kazi ya sheria kwa sababu wengi wao hawakuwa wameachishwa, kazi yenyewe ndo ilihama. Watu waliandamana kila Jumatatu. Na wakaenda kortini, Novemba 2020 Mahakama Kuu ya hapa Mombasa ikasema ile amri ilivunja katiba kwa kukosa kuhusisha umma.

Halafu 13 Septemba 2022, siku ya kuapishwa, Ruto akatangaza shughuli za kutoa mizigo zirudi Mombasa. Mji ulifurahi na haki yake kufurahi. Lakini mwaka haukuisha vizuri, 2023 likazuka suala la kukodisha magati kwa wawekezaji binafsi, na chama cha makuli kikarudi tena kwenye mikutano ya waandishi wa habari. Serikali ile ile. Iliyokurudishia kontena yaweza kukodisha gati, na wala haioni kwamba imejipinga kwa sababu kwake hizo zote ni biashara, habari ya leba haimo kwenye hesabu mpaka nyinyi muiingize.

Kwa hivyo chama kisomacho notisi za wizara ya leba peke yake kimefumba jicho moja. Mtu mmoja kwenye kamati apewe kazi ya kufuatilia wizara ya uchukuzi, hazina ya taifa na mamlaka ya bandari, matangazo ya zabuni, miswada ya fedha. Sheria ya fedha ya 2023 ndo ilileta makato ya nyumba ya asilimia 1.5, korti ikayakataa, serikali ikarudi na sheria mpya Machi 2024. Juu yake ikaja bima ya afya mpya ya asilimia 2.75. Hayo yote ni mshahara wako, na hakuna mazungumzo ya CBA yaliyofanyika. Mkiona ilani ya kuita maoni ya umma kuhusu jambo la bandari, andikeni memoranda hata kama ni kurasa mbili, wekeni muhuri wa chama, mpate sahihi ya kupokelewa. Kwenye ile kesi ya SGR serikali iliangukia hapo hapo, kwa kutouliza watu.

Na kama mwajiri wako atatumia sera mpya kupunguza watu, ajue na nyinyi mjue: kabla ya kuwaachisha kwa sababu kazi imepungua lazima aandikie chama na afisa wa leba mwezi mmoja kabla, aeleze sababu na idadi, na alipe siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliofanya kazi. Akikuita ofisini usaini barua ya kuondoka kwa hiari siku hiyo hiyo, usisaini. Mwambie kwa adabu kwamba wataka kwanza kuipeleka kwa chama.

Korti

Watu huona majaji kama kitu cha mbali. 2019 Uhuru alikataa kuteua majaji 41 waliopendekezwa, wakiwemo wa korti ya leba, na 34 wakateuliwa 2021. Mmoja alikuwa amefariki, na wale 6 waliobaki wakangoja mpaka Ruto alipotangaza kuwateua siku ile ile aliyosema habari ya bandari. Kwa mfanyakazi maana yake ni foleni, kesi ya kufutwa kazi inayongoja miaka kwa sababu jaji hayupo. Hilo hulizuii wewe. Unaloweza ni kutochelewa, una miaka 3 ya kupeleka dai na watu wengi huipoteza kwa kuzunguka kwa wanasiasa wakiomba wasaidiwe.

Mgomo, kwa ufupi

Katiba ya 2010, kifungu cha 41, imetupa haki ya kugoma, hilo halikuwepo kwenye katiba ya zamani. Lakini mgomo unaolindwa una ngazi zake: mgogoro upelekwe kwa waziri, msuluhishi ateuliwe, siku 30 zipite ama usuluhishi ushindikane, kisha notisi ya maandishi ya siku 7 kwa mwajiri na kwa waziri. Ukiruka ngazi moja mwajiri atakwenda kortini asubuhi na mchana ana oda. Watu wa hospitali, maji, zimamoto, sheria imewaweka kwenye huduma za lazima kwa hivyo watafute ushauri wa wakili wa chama kabla ya neno mgomo halijatoka mdomoni. Serikali mpya huwa na hamu ya kuonyesha msimamo kwenye mgomo wa kwanza, wa kwanza kabisa, basi usiwe wewe uliyekosea tarehe.

Wakubwa wa chama na Ikulu

Hili litawaudhi wengine lakini ni lazima lisemwe. Katibu mkuu kukaribishwa Ikulu si dhambi, chama kisichoweza kupiga simu kwa waziri hakina faida. Ubaya ni pale ambapo msimamo wa chama hubadilika na wanachama hawakuulizwa, jana tulikuwa twapinga, leo twaunga mkono, na hakuna mkutano uliofanyika katikati. Dawa yake iko ndani ya sheria, vyama hufanya uchaguzi kila miaka 5, na 2016 na 2021 ulitangulia uchaguzi mkuu kwa mwaka mmoja. Watu wengi hapa hukesha foleni kumpigia kura MCA lakini siku ya kura ya tawi wako kwao Kilifi ama wamelala. Angalia rejista ya wanachama mapema kama jina lako limo, manake jina huweza kukosekana hivi hivi, na omba hesabu za pesa zilizokaguliwa, ni haki ya mwanachama kuziona.

Nyinyi mnaoitwa vibarua

Kijana mmoja wa Miritini aliniuliza, "Sasa mzee, haya yote yanihusu nini na mimi niko kwa kontrakta, kila siku jina laandikwa upya?" Yamhusu kuliko mtu mwengine yeyote. Serikali zote, za vyama vyote, zimeacha ukibarua ukue, manake huonekana kama ajira kwenye hotuba na hauna gharama kwa mwajiri. Lakini Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, yasema ukifanya kazi mfululizo siku ambazo zafika mwezi mmoja, ama kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kuisha ndani ya miezi 3, wewe si kibarua tena machoni mwa sheria, wahesabiwa una mkataba wa mwezi, na ukishafanya miezi miwili na zaidi wastahili haki zote za mfanyakazi wa kawaida, likizo, notisi, ulinzi wa kufutwa kiholela. Na kujiunga na chama si sababu halali ya kukufuta.

Shida huwa ushahidi. Nunua kitabu kidogo, andika tarehe, zamu, jina la msimamizi, meli ama kazi uliyofanya, na umelipwa ngapi. Usifute meseji za M-Pesa za malipo, ukibadilisha simu omba taarifa ya miezi ya nyuma. Piga picha ya kadi ya getini kila ikibadilishwa. Wenzako watano, sita wakifanya hivyo hivyo mnakuwa na kesi, na mkipita nusu ya mnaofanya kazi hapo mnakuwa na chama kinachotambulika, kontrakta apende asipende. Nendeni tawini pamoja, si mmoja mmoja, mkiwa na vitabu vyenu na vitambulisho, muombe Fomu S na msiondoke mpaka muone zimepigwa muhuri wa kupokelewa.